Waliokuja na waliowapokea Kanda ya Ziwa: tupeane uzoefu

Mwana Igogo
Wakuu, leo nilikuwa ofisi ya mtaa kufuata barua ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Mbele yangu mama mmoja mtu mzima anaulizwa babu yake mzaa baba kazikwa wapi. Akataja kijiji cha Karagwe. Akaulizwa, "Karagwe ya huku au ya ng'ambo?" Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Nikamkumbuka marehemu mzee wangu, mtaani aliitwa "Mganda" mpaka anazikwa kwa sababu alishuka na boti mwaka wa Amin. Familia zenu zilipokelewaje huku? Na ninyi wenyeji mliwapokeaje waliokuja? Semeni ukweli ila tusitukanane.

Kauka wa Mwaloni
Nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Mkongo akija na dola ni kaka yetu, anawekewa kiti, anatafutiwa maji baridi. Soko likidoda, au akikopa akachelewa kulipa, ndipo watu wanakumbuka hana kibali. Na anayepiga simu ili mtu aje kukamatwa huwa ni yule yule aliyekuwa anamwekea kiti.

Jirani Mwema
Hilo la simu ni kweli tupu.

Binti wa Kemondo
Nilikuwa nasoma tu, sikutaka kuandika. Mmeniamsha na hiyo simu.

Baba yangu aliingia nchi hii akiwa mgongoni kwa bibi, enzi zile za kuanzia 1959 Watutsi walipokimbia Rwanda. Akakulia huku, akaoa Mhaya wa Muleba, akafuga. Mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu ilipowapa uraia wakimbizi wale wa Kinyarwanda, zaidi ya 30,000, naye alipata hati. Aliiweka kwenye mfuko wa nailoni akaichomeka juu kwenye kenchi, panya wasiifikie.

Julai 2013 Rais Kikwete alikuwa ziarani Kagera, akatoa wiki mbili kwa wanaoishi bila kibali waondoke. Maelfu wakaanza kutoka wenyewe, wengine na godoro kichwani. Baba alikaa kibarazani akawaangalia wakipita, akasema hayamhusu, ana karatasi. Septemba ikaja Operesheni Kimbunga, ule msako wa wasio na kibali. Walifika alfajiri, mama ndiyo kwanza anawasha moto. Jina la baba lilikuwa kwenye daftari la shule, limeandikwa kwa kalamu ya kijani. Ule mwandiko naujua. Mwenye kalamu hiyo ndiye aliyekuwa anaandika michango ya misiba kijijini kwetu.

Baba akatoa hati. Mkubwa wao akaigeuza geuza, akaitazama picha: kijana mwenye afro na kola pana. Akasema, "Huyu si wewe." Baba alikuwa na kipara! Sasa nani hubaki na nywele za 1980? Hati ikaingia mfuko wa koti la yule bwana, hatujaiona tena.

Lakini ng'ombe ndio walioniuma kuliko yote. Baba anapandishwa kwenye gari huku zizi linafunguliwa. Na wala hawakuwa wezi wa kutoka mbali. Ni watu waliokula pilau ya harusi ya dada yangu, harusi hata mahema hatujamaliza kulipa. Mmoja anavuta jike lenye mimba anamwambia mama, "Mama Koku, nakutunzia tu." Bado anamtunza.

Baba alivushwa mpaka wa Rusumo, akawekwa kambi ya Kiyanzi, wilaya ya Kirehe, Rwanda. Hana anayemjua, Kinyarwanda chake cha kuombea maji. Kule nako wakamwita Mtanzania. Sisi tulipanda MV Victoria usiku hapo Kemondo tukashuka Mwanza asubuhi na magodoro. Mwenye nyumba wa Mabatini aliuliza kabila kabla hajataja kodi. Mama akasema "Wahaya", akatukata jicho tunyamaze. Namna baba alivyorudi siandiki hapa.

Dada Pasiansi
Pole sana mdogo wangu. Machozi yamenitoka kwenye daladala, konda ananishangaa.

Mchambuzi
Mwenye kalamu ya kijani yupo?

Binti wa Kemondo
Yupo. Siku hizi ni mjumbe. Michango bado anaandika yeye.

Kijana wa Nyakato
Endelea na mzee alivyorudi basi, unatuachaje hewani hivi!

Jirani Mwema
Wewe kijana, ameshasema haandiki. Heshimu.

Jiwe la Ngara
Poleni, ila na sisi wa Ngara tusikilizwe, maana huko mjini mnazungumzia wakimbizi kama mliwaona.

Sisi tuliamka mwishoni mwa Aprili 1994 tukakuta kilima hakionekani kwa watu. Walivuka Rusumo wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 ndani ya saa 24 hivi. Rudia kusoma hiyo. Wilaya yetu nzima haikuwa na mji hata wa robo ya watu hao. Wiki za mwanzo tuliwapa ndizi bila kuuliza jina. Mama alikata mikungu hata iliyokuwa haijakomaa. Kambi ya Benako ilipojaa, kuni ukazifuata nusu siku, ukiamka mgomba umelala chini, usiku bunduki. Na ndani ya kambi walikuwemo wauaji wenyewe wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, wamejichanganya na akina mama wasio na hatia, wanajulikana na bado ndio wanaogawa chakula.

Nikiwa mkweli, tulifaidi pia. Mafuta ya kopo na mahindi ya msaada tuliyanunua kwa bei ya kutupa, maturubai ya bluu yakaezeka mabanda yetu, kaka yangu akapata udereva kwenye shirika na nyumba aliyojenga bado tunaishi. Machi 1995 mpaka ukafungwa. Mwishoni mwa 1996 Serikali ikasema ifikapo 31 Desemba wote wawe wamerudi. Wengi walitoroka kambini wakashika njia ya kuingia ndani zaidi ya nchi, wanajeshi wakawageuza kuelekea Rusumo. Barabara ilijaa hata kuku asingepata pa kuvukia. Kuna mama alimwachia bibi yangu sufuria akasema atairudia. Mtuambie tulipaswa kufanya nini.

Mchambuzi
Hakuna aliyewalaumu. Ila usichanganye 1994 na mzee wa Kemondo, yeye alikuwa hapa kabla hujazaliwa.

Jiwe la Ngara
Sijachanganya. Nyie ndio mnasoma mstari mmoja mnarukia kibodi.

Mchambuzi
Umeanza na neno "ila", tumekuelewa.

Mwana Igogo
Jamani, nilisema tusitukanane.

Mama Rugambwa
Mwaka huo wa 1994 miili ya waliouawa Rwanda iliyotupwa mto Kagera ilifika ziwani. Nyumbani Bukoba mama aliacha kabisa kupika samaki. Mvuvi akipita na sato wazuri wa kung'aa, watu wanafunga milango.

Duka la Kona
Niingie na mimi, "Mhindi rudi kwenu" wa Mwanza. Babu yangu alitoka Gujarat kufuata pamba, akaajiriwa kwenye kiwanda cha kuchambulia. Baba kazaliwa hapa, mimi hapa, nikisema "mwangaluka" sokoni Wasukuma wananijibu halafu wanageuka kutafuta nani kasema. 1971 majengo ya kupangisha yalipotaifishwa, la kwetu lilienda. Tukabaki kwenye jengo hilo hilo kama wapangaji.

Mwaka uliofuata Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90. Shangazi yangu wa Kampala alikimbilia Uingereza na watoto. Leicester, mji alioutaka, halmashauri yake ilikuwa imelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, nyumba na shule zimejaa. Shangazi alilikata akaja nalo! Akaenda hivyo hivyo. Leo Diwali ya Leicester husifiwa kuwa miongoni mwa kubwa kabisa nje ya India, na halmashauri ile ile ndiyo inayofunga taa barabarani.

Kijana wa Nyakato
Bosi, ila bei zako za vyuma bado za kikoloni.

Duka la Kona
Njoo na fedha taslimu tuongee uhuru.

Ng'wanakwimba
Nacheka mnavyowaita wengine wageni. Sisi Wasukuma tulijaa Geita lini? Mkoloni aliona Kwimba na Mwanza mifugo na watu vimezidi ardhi, akafungua Geita, wazee wakavuka na ng'ombe wao. Wakara nao kisiwa chao cha Ukara kiliwabana wakaja bara. Halafu sisi tulipofika Usangu, Mbeya, na mifugo, mwaka 2006 tukaondolewa kule Mbarali, ng'ombe wanakufa njiani, na vyeti vya kuzaliwa vya Tanzania tunavyo mfukoni. Mtu wa kule alimwambia baba mdogo, "Rudini Usukumani." Baba mdogo kazaliwa Geita.

Kauka wa Mwaloni
Mhamiaji aliyefanikiwa ziwa hili ni mmoja tu, sangara. Kaletwa miaka ya 1950, kawala wenyeji wengi, na sasa ndiye analipa ushuru. Hajaulizwa babu yake kazikwa wapi.

Mtu wa Shirati
😂😂 Sisi Wajaluo wa Rorya hilo swali tunalijibu kwa kuuliza, kaburi la upande gani? Babu yuko huku, kaka yake yuko Kenya, wote walizikwa na watu wale wale.

Kijana wa Nyakato
Turudi kwenye maana. Mtu akibambikiwa "si raia" afanye nini? Maana kuna rafiki yangu hivi sasa yuko kwenye hali hiyo.

Dada Pasiansi
Hati usitoe halisi hata siku moja. Toa kivuli kilichogongwa muhuri na wakili.

Mama Rugambwa
Kivuli wanakikataa. Beba halisi, ila nenda na wazee watatu wa kijiji, na mmoja awe mwenye mdomo.

Mchambuzi
Kama amezaliwa Tanzania ni raia, kwisha. Sheria ya uraia ya 1995 inasema aliyezaliwa nchini.

Jiwe la Ngara
Kwisha wapi? Ukifika dirishani wanataka mzazi mmoja awe raia. Watoto wa wakimbizi wamezaliwa hapa kwa maelfu na uraia hawana. Sheria ya kwenye simu yako haikai mezani kwao.

Mchambuzi
Basi tatizo si sheria, ni meza.

Jiwe la Ngara
Kwa mara ya kwanza leo tumekubaliana.

Kauka wa Mwaloni
Njia fupi ni soda.

Jirani Mwema
Usifundishe watu rushwa hapa. Soda ya leo kesho inakuwa kreti, na ukiishiwa wanakukumbuka wewe wa kwanza. Huyo rafiki aende kwa mwanasheria wa msaada wa bure.

Duka la Kona
Na msitie leminesheni vyeti vya zamani. Cha baba kilikataliwa kwa sababu hiyo, eti muhuri haugusiki.

Binti wa Kemondo
Kama ana ukoo wa Kikatoliki aanze parokiani alikobatizwa baba yake. Vitabu vya zamani bado vipo, vimeandika mzazi, kijiji na wasimamizi. Hicho ndicho kilichotusaidia sisi, zaidi ya hapo siandiki. Aende siku ya kazi asubuhi, katibu akishakwenda kunywa chai humwoni tena.

Kijana wa Nyakato
Ni Mlutheri.

Binti wa Kemondo
Nao wanaandika. Aulize usharika.