Makocha wa vyuo Marekani wanalipwa mamilioni ya dola, serikali iwawekee kikomo?

Mlalahoi77
Wakuu heshima kwenu. Kuna kitu kinanichanganya, naomba wajuzi wanisaidie. Mimi ni mpenzi wa ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa helmeti, na nafuatilia zaidi wa vyuo kuliko wa NFL, ile ligi ya kulipwa. Sasa Oktoba 2025 chuo cha LSU wakamtimua kocha wao Brian Kelly katikati ya msimu, na mkataba ukawa unasema bado anawadai kama dola milioni 54 za kukaa nyumbani tu. Kabla vumbi halijatulia wakamleta Lane Kiffin, miaka 7, kama milioni 91. Na hiki ni chuo cha umma cha jimbo la Louisiana, hadi gavana wao Jeff Landry alitoka mbele ya kamera akawa mkali kweli. Majimbo mengi kule mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha, sio gavana, sio daktari bingwa. Hivi serikali inashindwa nini kusema kocha wa chuo cha umma mwisho wake ni hapa? Au mi ndo sielewi?

BiTausi
Unaelewa vizuri sana mdogo wangu. Mi nimesoma kule, chuo cha kawaida tu, timu yenyewe kila wiki inapigwa. Kwenye bili ya semista kulikuwa na mstari umeandikwa ada ya michezo, mamia ya dola, na hauwezi kuukataa hata kama hujawahi kukanyaga uwanjani, mi miaka minne nilienda mara moja tena kwa sababu mvua ilinikuta karibu na geti. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa wa mkataba wa muda, hana hata ofisi, mkimtaka mnamkuta kwenye gari lake paking anasahihisha karatasi juu ya usukani. Alafu mtu ananiambia kocha analetea chuo hela. Vyuo ambavyo michezo yake inajiendesha yenyewe bila kuchangiwa ni vichache, vingine vyote wanafunzi na bajeti ya chuo ndo vinaziba pengo. Kikomo kiwekwe, tena jana.

wakili_wa_kijiweni
Dada Tausi nakuelewa ila hili lilishajaribiwa likaungua. Miaka ya 90 mwanzoni NCAA wenyewe, ndo chama kinachosimamia michezo ya vyuo, waliweka kanuni kwamba kuna daraja la makocha wasaidizi halizidi dola 16,000 kwa mwaka. Makocha wakaenda mahakamani, mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikasema mwajiri na mwajiri mwenzake kukaa wakapangiana bei ya mfanyakazi ni kuvunja sheria ya ushindani, na mwaka uliofuata NCAA wakakubali kulipa zaidi ya dola milioni 54. Kwa ajili ya kubana watu wa elfu 16!

Sasa serikali ya jimbo yenyewe ni kitu kingine, ile ni mwajiri, inaweza kujipangia. Ila fikiria Alabama waamue peke yao kwamba kocha mwisho milioni 1 wakati Georgia jirani wanampa kocha wao Kirby Smart milioni 13. Kufika Ijumaa hawana kocha, na mbunge aliyepeleka huo muswada hana kiti. Kwa hiyo labda Bunge la Marekani lifanye kwa nchi nzima, na hapo mjue walishagusa kidogo: sheria ya kodi ya 2017 ilisema taasisi isiyo ya faida ikimlipa mkubwa wake zaidi ya dola milioni 1, kile kinachozidi inakilipia kodi asilimia 21. Anayelipa ni chuo, kocha wala hahisi, na baadhi ya vyuo vya umma vikapata pa kuchomokea. Mishahara ikaendelea kupanda kama kawa.

Benchi_la_Akiba
Mnaongea kama hiyo hela imetoka hewani. Kwa nini kocha alipandiwa hadi huko? Kwa sababu wachezaji walikuwa hawaruhusiwi kulipwa. Hela ya tivii inaingia, mchezaji anapewa skolashipu na chakula, sasa iliyobaki iende wapi, ikaenda kwa kocha na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vyenye makochi ya ngozi. Ndo mambo yameanza kubadilika, 2021 Mahakama ya Juu kule iliwabwaga NCAA kura 9 kwa 0 kwenye kesi ya Alston, mchezaji wa zamani, mwezi uliofuata wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao, na tangu 2025 chuo kinaweza kugawa hela moja kwa moja kwa wanamichezo wake, mwaka wa kwanza mwisho ukiwa kama dola milioni 20.5. Acheni wachezaji wamege hiyo keki, kocha atapungua mwenyewe bila serikali.

BiTausi
Atapungua lini baba? Kiffin kasaini baada ya hayo yote kuanza. Usinichekeshe.

Benchi_la_Akiba
😂😂 hapo umenipata dada yangu, ila nipe miaka mitano.

wakili_wa_kijiweni
Mi naona mnapigania mshahara wakati kidonda kiko kwenye fidia ya kufukuzwa. Mshahara angalau mtu anafanya kazi. Chuo cha Texas A&M 2023 walimfukuza kocha wao Jimbo Fisher wakabaki na deni la kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke tu. Ukisoma ile mikataba kuna kipengele kinachomtaka kocha atafute kazi nyingine na atakachopata huko kikatwe kwenye deni. Kikiwepo mambo yanakuwa tofauti: Penn State walimfukuza James Franklin wakiwa wanadaiwa karibu milioni 49, mwezi uliofuata akapata kazi Virginia Tech, wakamalizana kwa milioni 9. Kisipokuwepo, kama wa Fisher, unalipa yote huku mwenzio anavua samaki. Serikali ya jimbo inaweza kabisa kusema chuo chetu hakisaini bila hicho kipengele, na hapo huibiwi kocha kwa sababu mshahara hujaugusa.

Mlalahoi77
Aisee hiyo sikuijua. Kwa hiyo Kelly wa LSU akipata kazi kesho deni linashuka?

wakili_wa_kijiweni
Inategemea kilichoandikwa mkuu. Ndo maana wakala wa kocha huwa wa kwanza kufika mezani na chuo kinafika na furaha ya kushinda mechi mbili.

BiTausi
Na bili inafika kwa mwanafunzi.