Tui la kopo: wali unashika chini na mchuzi unakatika

Swali, kutoka Toronto

Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Nimekulia Tanga, ambako nazi ilikunwa kwenye mbuzi na tui likachujwa kwa kifumbu karibu kila siku, lakini huku niliko nazi za dukani zimekaa muda mrefu, na mara nyingi ukizipasua unakuta zimeharibika. Kwa hiyo natumia tui la kopo la mililita 400. Nikipika vikombe viwili vya mchele wa basmati kwa kopo zima, wali unatoka mzito, unashika chini kabla punje hazijaiva, na juu unaelea mafuta. Juzi nilitia ukwaju katika mchuzi wa samaki, tui likakatika lote. Mama mkwe anakuja mwezi ujao, nami natamani sana ale chakula cha nazi kilichopikwa vizuri nyumbani kwangu.

Jibu, kutoka Mombasa

Mwanangu, kopo hilo lichukulie kuwa ni kasimele, yaani tui zito la mkamuo wa kwanza, ilhali wali wetu huanza kuiva kwa tui jepesi la mkamuo wa pili na wa tatu, na kasimele huingia maji yanapokaribia kukauka. Ukimwaga kopo zima tangu mwanzo, mchele haupati maji ya kutosha kuuivisha. Litikise kopo, chota nusu yake, kisha gawa tena hiyo nusu: sehemu moja iongeze maji mpaka upate karibu vikombe vitatu, uchemshe na chumvi, utie mchele uliorowekwa nusu saa, sehemu ya pili uimimine juu wali ukianza kukauka, ugeuze mara moja kwa upole na ufunike. Sisi hupalia makaa juu ya kifuniko. Wewe utatumia joko lenye moto mdogo, na robo saa inatosha.

Kuhusu mchuzi, nyanya, ukwaju na viungo viive kabisa kwanza, kwa maji au kwa tui jepesi. Tui zito liingie mwisho, moto ukiwa mdogo, na usiache kuliteka kwa upawa na kulimimina tena mpaka lianze kutokota. Usifunike sufuria wakati huo.

Jibu, kutoka Dar es Salaam

Ninakubaliana na Mama wa Mombasa, nami ningependa kuongeza jambo la lebo, kwa sababu makopo hayafanani. Kwa viwango vya kimataifa vya Codex Alimentarius, tui la kawaida linapaswa kuwa na mafuta yasiyopungua asilimia 10, krimu ya nazi asilimia 20, na lile jepesi asilimia 5 tu; hilo jepesi sioni sababu ya kulinunua, kwani maji unayo bombani. Ukiona E412, hiyo ni gundi ya mbegu za guari inayozuia mafuta kujitenga na maji. Kopo lisilo nayo likiganda juu halijaharibika, likoroge tu. Jihadhari zaidi na krimu ya nazi iliyotiwa sukari, ambayo ni ya kuchanganyia vinywaji, kwa maana itakuharibia samaki wa kupaka.

Jibu, kutoka Muscat

Dada, kwa wali na maharage kopo linafaa, lakini kwa vibibi na mkate wa kumimina mimi hununua nazi iliyokunwa na kugandishwa, nikaisaga kwa maji ya moto katika blenda na kuichuja kwa kitambaa safi. Harufu yake iko karibu zaidi na ile ya nyumbani, kwa kuwa tui la kopo limekwisha kupikwa kwa joto kali kiwandani.

Muulizaji

Shikamoo Mama, na nawashukuru nyote. Nimepika leo kwa nusu kopo kama ulivyonielekeza, na wali umechambuka punje kwa punje. Je, ile nusu iliyobaki naweza kuiacha kwenye kopo?

Jibu, kutoka Mombasa

Marahaba mwanangu. Usiiache humo. Ihamishie kwenye chupa yenye kifuniko, uiweke kwenye friji na uitumie ndani ya siku tatu, au uigandishe katika vibati vya barafu. Vipande viwili au vitatu vinatosha mchicha wa siku moja.