Stashahada ya utabibu imerudishwa: naomba mwongozo

Tabibu, Houston:
Ndugu zangu, salaam. Nilifanya kazi nyumbani kama afisa tabibu, na hapa niliomba leseni ya PA, yaani mhudumu wa tiba anayefanya kazi pamoja na daktari. Ofisi ya jimbo imenirudishia faili, na wakala wa kutathmini vyeti anataka matokeo yangu yatumwe moja kwa moja na chuo, ambacho tangu nimalize kimebadilishwa jina. Je, barua ya kuthibitisha jina hilo iandikwe na chuo chenyewe au na wizara?

Muuguzi, Minneapolis:
Pole sana, kaka. Hata ukiipata barua, NCCPA, bodi inayowathibitisha PA, haimruhusu kufanya PANCE, mtihani wa kupata leseni, mtu asiyehitimu programu yenye ithibati ya ARC-PA, chombo kinachokagua programu za PA, na ithibati hiyo hutolewa kwa programu za Marekani tu. Mimi nilianza na CNA (msaidizi wa muuguzi), nikasoma LPN (muuguzi wa ngazi ya kati) usiku huku nalea, kisha RN (muuguzi kamili aliyesajiliwa). Njia ya uuguzi ni ndefu lakini iko wazi.

Mzee, Columbus:
Binti yangu, unamshauri mtu aliyekuwa akiendesha zahanati nzima aanze kwa kutandika vitanda? PA wa kwanza walifundishwa Chuo Kikuu cha Duke kuanzia mwaka 1965, nao walikuwa wahudumu wa tiba waliotoka jeshi la wanamaji, yaani watu waliothaminiwa kwa uzoefu wao. Kwetu matabibu wanapasua: utafiti uliofanywa katika hospitali za Mwanza na Kigoma ulikuta kwamba upasuaji mwingi wa dharura wa uzazi ulikuwa mikononi mwao, na matokeo hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari. Wajukuu wangapi wa kundi hili wamezaliwa kwa mikono hiyo, halafu tunakuja huku kuambiwa kuwa hawajasoma?

Muuguzi, Minneapolis:
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, waliopasua katika utafiti huo ni madaktari wasaidizi, AMO, ambao ni matabibu waliokwisha kufanya kazi kisha wakarudi chuoni kwa miaka miwili. Tusimchanganye kaka yetu.

Dada, Leeds:
Msidhani Uingereza ni nafuu. GMC, baraza la madaktari la huku, ilianza kuwasajili PA Desemba 2024, na Julai 2025 ripoti ya Leng, iliyoagizwa na serikali, ikapendekeza waitwe wasaidizi wa madaktari badala ya washirika, tena wasiwaone wagonjwa ambao bado hawajachujwa, yaani ambao tatizo lao halijatambuliwa. Madaktari vijana wanawapinga waziwazi.

Mzee, Columbus:
Dada wa Leeds, mwenzetu yuko Texas.

Afisa wa kliniki, Boston:
Sisi wa Kenya tuna baraza letu chini ya sheria ya 2017, na barua yake ya hadhi njema niliipata bila shida, lakini haikunipa leseni. Nililazimika kurudia anatomia na kemia katika chuo cha jamii, kwa kuwa programu nyingi za PA hudai masomo hayo yawe ya hapa. Saa zangu za kliniki za Kisumu zilikubaliwa na baadhi ya vyuo. Anayetaka orodha ya programu zisizodai GRE (mtihani wa kujiunga na masomo ya uzamili) aniandikie pembeni.