Mshipi wangu uko pima ishirini chini, nitakupisha vipi?

Assalaam aleikum wenzangu wa bahari, na msio wa bahari pia. Naandika vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa bendeji, na hasira ya Jumamosi, boti ya mashine iliponipitia karibu nikiwa navua, haijanitoka. Nimejaribu kulala nayo siku tatu, imekataa kulala.

Mimi ni mvuvi wa mshipi. Nimeajiriwa mjini, siuzi samaki, lakini maji mafu, zile siku ambazo bahari haipandi wala kushuka sana, yakiangukia wikendi, nikishaswali alfajiri nashuka ufukwe wa Nyali na kayaki yangu. Ni ya plastiki, urefu mita 4, niliinunua mkono wa pili, na vijana wa bichi wanaiita mtumbwi wa plastiki. Jina hilo nalikubali, maana ndivyo ninavyoitumia: kama mtumbwi wa babu yangu, kwa kafi na mshipi wa mkono. Natoka na upepo wa umande, navuka mwamba kwa kupitia mlango wake, napiga kafi mpaka pale maji yanapoacha ukijani yakawa buluu iliyokolea. Huko ndiko aliko chewa, samaki wa mwambani.

Kwa asiyejua, chewa mkubwa humfuati pembeni mwa mwamba kwenye maji ya kiuno. Anakaa chini, kwenye pango lake, na hatoki kwa urahisi. Hapo ninapovua ni pima ishirini, ukipenda mita thelathini na tano na zaidi kidogo. Ndiyo maana nangoja maji mafu. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji yetu hapa Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4, mkondo unakuwa mkali, na chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, halifiki chini wima. Linakwenda upande, mshipi unalala, ukija kugonga mwamba wenyewe umeshauacha nyuma. Maji yakiwa mafu, chubwi linashuka sawasawa. Linagonga. Unapandisha nusu pima ili ndoana isinase, unabana mshipi kati ya kidole cha shahada na gumba, unatulia. Kafi liko mapajani. Mkono mmoja umeshika mshipi, mwingine unaisawazisha kayaki isigeukie wimbi ubavu.

Chewa anagonga mara moja, kama mtu anayebisha hodi kwa fundo la kidole. Halafu anavuta kuelekea chini, kwa uzito, moja kwa moja pangoni. Hapo una muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Usipompandisha pima mbili za kwanza kwa nguvu zako zote ataingia ndani, atatanua mashavu na mapezi ajikaze kwenye jiwe, na kilichobaki ni kukata mshipi. Kwa hivyo katika hizo sekunde tatu mvuvi hana mkono wa kushika kafi. Hana mkono wa kupungia mtu. Hana chochote isipokuwa mshipi.

Sasa Jumamosi.

Ilikuwa kama saa mbili na nusu asubuhi, bahari shwari, jua liko juu ya maji lakini halijaumiza macho. Chewa akagonga. Nikamwinua pima ya kwanza, nikahisi ni mkubwa, kichwa kinatikisika kule chini. Ndipo nikasikia mashine. Boti nyeupe inatoka upande wa kaskazini, mashine mbili nyuma, fimbo za kuvulia zimetandazwa huku na huku, wanarambaza, yaani wanakokota mishipi nyuma ya boti. Sitaitaja jina wala mwenyewe, sikuja hapa kushtakiana na mtu. Nilidhani watageuka. Nina bendera ya rangi ya machungwa juu ya mti wa mita moja na nusu, na kafi langu nimelibandika ukanda unaong'aa ncha zote mbili. Hawakugeuka. Hawakupunguza mwendo. Walipita kwa umbali ambao niliona rangi ya kofia ya kila mmoja wao.

Wimbi lao likaiinua kayaki ubavuni. Nikawa na mambo mawili tu: niachie mshipi nishike maji, au nishike mshipi nipinduke. Nikaulegeza, nao ukakimbia kwenye vidole ukiwa na samaki upande wa pili. Nailoni yenye uzito ni kisu. Ilipita kidole cha shahada na cha kati mpaka nyama nyeupe nikaiona. Na kabla sijajua damu imetoka wapi, mishipi yao waliyokuwa wanaikokota nyuma ikaikwaa yangu, nikaanza kuvutwa kinyumenyume na boti isiyojua kuwa inanivuta. Nikachomoa kisu, nikakata. Chewa akaenda na ndoana mdomoni, chubwi likaenda, na mshipi wote uliokuwa majini ukaenda. Beseni la chambo lilikuwa limeshapinduka, ngisi wote wanaelea.

Mtu mmoja kule nyuma ya boti alinipungia mkono.

Nilirudi kwa mkono mmoja na nusu. Ningekuwa sijavaa jaketi la kuokolea, wallahi ningekuwa na habari nyingine ya kuwaandikia, au nisingekuwa nayo.

Lakini kilichonileta hapa si kidole, kidole kitapona. Kilichonileta ni maneno niliyoambiwa alasiri, nilipoikuta boti ile imetia nanga na nahodha wake anaosha sitaha. Kijana mwenye adabu, siwezi kumsingizia, alinisalimia shikamoo. Nikamwonyesha mkono. Nikamuuliza, mwanangu, hukuniona? Akanijibu: "Mzee, tulikuona toka mbali. Tulidhani utapisha."

Tulikuona. Miaka mingi wavuvi wadogo tunaambiwa tatizo letu ni kuonekana. Mtumbwi uko chini, jua linawapiga manahodha machoni, mawimbi yanawaficha. Tukakubali. Tukanunua bendera, tukanunua ukanda unaong'aa, wengine wakapaka mitumbwi rangi ya manjano kama teksi. Kumbe tunaonekana vizuri kabisa. Wanatuona, halafu wanatarajia sisi ndio tuondoke.

Niondoke vipi? Mshipi uko pima ishirini chini na samaki yuko kwenye ndoana. Kuupandisha wote kwa mkono, bila samaki, ni dakika nzima na zaidi. Ndipo nishike kafi. Ndipo niigeuze kayaki. Ndipo nipige maji kuondoka kwenye njia ambayo wewe mwenye mashine mbili umeichagua tu kwa sababu usukani ulikuwa umelala hivyo. Wewe unahitaji kusogeza mkono kidogo tu, ukiwa kilomita moja nyuma. Mita hamsini za pembeni zinakupunguzia nini?

Najua atakuja mtu hapa na methali ya mwenye nguvu mpishe. Imesemwa hata pale pwani. Methali hiyo ilisemwa na wanyonge ili wajinusuru. Haikusemwa ili mwenye nguvu aifanye kibali. Na bahari haiendeshwi kwa methali. Kuna Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, za mwaka 1972. Kanuni ya 5 inamtaka kila nahodha awe anaangalia na kusikiliza wakati wote, na kupima kama kuna hatari ya kugongana. Ya 6 inataka mwendo wa salama, mwendo unaokuwezesha kusimama kwa wakati. Ya 18 inakitaka chombo cha mashine kipishe chombo kinachovua. Na watu wa kurambaza wasikilize vizuri hapa: kanuni hizo hizo zinasema wazi kwamba kukokota mishipi nyuma ya boti hakukufanyi uwe chombo kinachovua. Wewe ni boti inayopita, kama boti nyingine yoyote.

Mtu aliyesoma atasema mshipi wa mkono nao haujafika kiwango, eti lazima zana iwe inakuzuia kugeuka. Haya, tubishane. Mimi nasema chewa wa kilo kumi aliyeinamisha kayaki ya mita 4 ananizuia kugeuka kuliko wavu unavyoizuia meli. Lakini hata nikishindwa kwenye hilo, Kanuni ya 5 na ya 6 hazijaenda popote. Umeniona, ukapita kwa kasi mita chache kutoka ubavuni mwangu. Hakuna ukurasa unaoruhusu hilo.

Na mimi sidai bahari yote. Mlango wa Kilindini, meli za makontena zinapoingia, huko kayaki haina kazi, na Kanuni ya 9 inasema hivyo: kwenye njia nyembamba chombo kidogo kisizuie meli isiyoweza kupita kwingine. Hata feri ya Likoni naipa nafasi yake kamili. Hifadhi ya bahari ya Mombasa tangu 1986 ina mipaka yake, na ndani ya sehemu iliyokatazwa uvuvi sishushi ndoana. Pale ilipolala Dania, meli iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 iwe nyumba ya samaki, nikiona bendera ya wazamiaji napita mbali, na chewa wa pale najua ni wanono. Kuna binadamu chini, sitii chubwi juu ya kichwa cha mtu. Kupisha najua. Nataka na mimi nipishwe.

Tena wako manahodha wanaojua. Yuko mzee mmoja wa boti ya watalii, kila akiniona anazima kasi mapema, anazunguka upande wa bahari kuu mbali na mshipi wangu, anainua kiganja na kuniuliza kwa sauti, "Wanakula?" Nikimwambia wanakula, anacheka, anaendelea na safari yake. Haimchukui hata dakika mbili. Watalii wake wanapiga picha, hakuna aliyelalamika kuchelewa.

Jambo la pili, na hili linawauma hata walio kimya. Kayaki iliyotulia nje ya mwamba imekuwa alama ya maboti. Wanaona mtu kasimama saa nzima mahali pamoja, wanajua chini yake pana jiwe. Wanakuja, wanazunguka kwa ukaribu, wanabonyeza GPS, wanaondoka. Wiki inayofuata unakuta maboti matatu yametia nanga juu ya jiwe lako. Jiwe hilo nililionyeshwa na babu kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu ambazo sitaziandika hapa. Si langu kwa hati, najua, lakini angalieni linavyofanywa. Chewa si dagaa. Anakua taratibu, na wengi wao huanza maisha wakiwa majike ndipo baadaye baadhi wageuke madume. Ukiwamaliza wakubwa, umewamaliza madume. Na mdogo ukimvuta kutoka pima ishirini, hewa ya tumboni inamfura, macho yanatoka, ukimrusha majini anaelea tumbo juu mpaka ndege wamchukue. Nimewaona hivyo, wadogo wa kiganja, sita au saba wanaelea nyuma ya boti iliyokuwa inacheza muziki. Nani atawarudisha?

Mimi nikikosa samaki naenda kununua. Yuko ami yangu anayevua kwa mtumbwi wa mti, usiku, na taa. Mwezi uliopita boti ilimpitia juu ya boya la mtego wake ikakata kamba, na dema likabaki chini na samaki ndani. Akikosa yeye, chungu hakipandi jikoni. Alikuwa na tochi, aliimulika, wakapita. Hakulalamika kwa mtu. Aliniambia tu, "Baba, wale hawana macho ya usiku." Nami sasa nadhani wanayo.

Jumatatu nilikwenda kwenye ofisi moja inayohusika kupeleka malalamiko. Swali la kwanza: namba ya boti? Sikuishika: baharini nilikuwa nashika damu, na alasiri kwa hasira sikuiangalia. Swali la pili: na hicho chako, nacho ni chombo? Nikasema ndiyo, kina mtu ndani. Wakaniambia nirudi nikipata namba.

Basi nazitafuta namba. Na sizitafuti za boti ile peke yake. Yeyote aliyepitiwa karibu kati ya Mtwapa na Likoni, kwa mtumbwi, ngalawa, hori au kayaki, aandike hapa chini siku, saa, mahali na namba ya chombo kama aliiona. Mwenye video aitunze, asiifute. Nimeshazungumza na mwenyekiti wa BMU yetu, kikundi cha kusimamia ufukwe, amekubali tuliweke kwenye kikao kijacho, lakini ametaka tuwe wengi na tuwe na maandishi, asipeleke kesi ya mtu mmoja mwenye kidole.

Na nyinyi manahodha mnaosoma bila kujibu, najua mpo, wengine tunasalimiana pale ufukweni. Ukiona bendera ya rangi ya machungwa imesimama haiendi, jua kuna mshipi umeshuka wima chini yake. Punguza mwendo ukiwa bado mbali, zunguka, mishipi yako ya nyuma uikunje au uielekeze kando. Maji mafu mengine ni baada ya wiki mbili. Daktari amesema nyuzi zitatolewa kabla ya hapo. Nitakuwa pale pale.