Michikichi yangu inazaa matunda yenye masikio, naomba msaada wakuu

Mkulima_Kgm: Wakuu habarini. Niko Kigoma vijijini, michikichi yangu ndo imeanza kuzaa, sasa baadhi ya miti tunda limezungukwa na vinyama kama masikio, mengi yanapukutika kabla ya kuiva, ukikamua mawese hupati kitu. Miti mingine shamba hilohilo iko poa. Nipige dawa gani? Silali.

Bi Mwasiti: Pole mdogo wangu. Hicho ni kijicho cha majirani, fanya dua.

Kobe_Mwendo: Wadudu wa kuchavusha hamna. Malaysia walikuwa wanachavusha kwa mkono mpaka 1981 walipoleta fukusi toka Cameroon. Mimi nyuki wangu Tabora walihama mzinga mzima, sitasahau...

Dk_Mimea: Miche ilikuwa ya mbegu au ya tishu, yaani iliyokuzwa maabara toka kipande cha mti mama?

Mkulima_Kgm: Ilikuwa mizuri tu mkuu, imelingana kabisa.

Dk_Mimea: Sijauliza uzuri.

Mkulima_Kgm: Haya, ya tishu. Kuna jamaa alinitafutia toka nje. Ila mti mama unazaa balaa na kopi ni kopi, ndo maana advansi ya awamu ya pili nimeshatoa.

Dk_Mimea: Herufi za DNA ndo zilezile, kinachopotea ni alama za methili juu yake, yaani vialama vya kikemikali vinavyobandikwa kwenye DNA. Kiinitete cha tishu hakitokani na chavua na yai, kinalazimishwa kutoka kwenye jani changa huko maabara, na humo baadhi hupoteza methili kwenye kipande cha DNA kinaitwa Karma, kimejificha ndani ya jeni ya maua. Methili ikitoka, jeni inasomwa nusunusu, sehemu za ua zilizotakiwa kuwa za kiume zinaota kama za kike, ndo hayo masikio. Watafiti wa Malaysia walichapisha 2015. Kitaluni kwa macho huoni kitu hadi mti utoe maua. Dawa hakuna. Mingine hujirudi yenyewe, mingine ndo basi.

Kijiko: Masikio chemsha supu 😂

Ngosha_Mkali: Hii chai. Watu wanagombania mbegu za tenera, ile michikichi chotara, wewe una tishu? Imepita karantini gani? Picha iko wapi?

Mkulima_Kgm: Kamera ya simu imekufa.

Ngosha_Mkali: Kumbe! Muuzaji ni wewe, unapima upepo.

Mkulima_Kgm: Sasa muuzaji gani anatangaza masikio?

Bi Mwasiti: Mwacheni mtoto wa watu. Mdogo wangu, hiyo advansi ni nusu au?

Mkulima_Kgm: Yote dada.