Email ya kurudishiwa kodi 1,840,000: niweke kadi ya benki au namba ya simu?

mchuuzi_masasi: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri wa haraka maana hapa matumbo joto. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Masasi, kodi nalipa makadirio kila robo mwaka sijawahi kukwepa. Jana imeingia email ya TRA kwamba nilizidisha malipo nirudishiwe 1,840,000, nembo ipo kabisa, nibonyeze linki nijaze fomu ndani ya masaa 24. Swali langu moja tu, kadi ya benki na namba ya simu ipi inaingiza hela haraka?

Pweza wa Kilwa: Ikiingia nikumbuke mkuu, nauli tu ya kuja kukupongeza 😂

Nangurukuru Boy: Mimi nilizidisha kweli robo moja. Hakuna aliyenitafuta, niliandika maombi mwenyewe, na wanaangalia kwanza kama una deni jingine wakate humo humo. We uliomba?

fundi simu Ligula: Achana na kadi kwanza. Gusa jina la mtumaji uone anwani yenyewe, maana jina la TRA hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuliandika. Inaishia na nini? Ya kweli ni tra.go.tz. Na wamekuita kwa jina lako na TIN au "Mpendwa Mlipakodi"?

mchuuzi_masasi: Sikuomba. Inaishia gmail ila mbele kuna tra. Wameandika Mpendwa Mlipakodi. Lakini jamani tusemezane ukweli, maofisi mangapi huku yanatumia gmail na kazi zinaenda?

Mama Swaumu: Tamaa hizi. Kaka yangu Newala msimu wa korosho alipigiwa na mtu anajiita wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, eti malipo yamekwama atume elfu hamsini ya kufungulia, akatuma, minada ikaisha mpaka leo anasubiri na simu haipokelewi. Namba kama hizo si mnazituma 15040, ile ya kuripoti matapeli, jamani, mnakaa nazo za nini.

Mtu wa Nachingwea: Mdogo wangu yuko Uingereza, kule HMRC, yaani TRA yao, wamesema wazi hawatangazi marejesho ya kodi kwa email, na matapeli bado wanazituma kila mwaka.

fundi simu Ligula: Mchuuzi jibu moja. Umeshajaza au bado?

mchuuzi_masasi: Nimejaza kidogo. Namba ya kadi na zile tatu za nyuma. OTP, ile namba ya siri ya kuthibitisha, imekuja kwa meseji mara mbili, hiyo sijawapa.

fundi simu Ligula: Kadi ya akaunti gani, na ina hela?

mchuuzi_masasi: Akaunti jina langu ila hela ni za kikoba, mimi ndo mweka hazina, tunagawana Desemba. Msinishambulie, ya duka kadi yake imeisha muda, na hela ingeingia ningeitoa siku hiyo hiyo. Nauliza tu nikiwapa OTP halafu nikabadilisha PIN haraka si inakuwa salama?

Mzee wa Mikindani: Hii chai. Mtu kaaminiwa hela za watu halafu hajui gmail? Juzi kati uzi ulianza hivi hivi, mwisho tukaombwa mchango. Weka picha ya email.

Pweza wa Kilwa: Chai ya rangi haina hata tangawizi 😂

mchuuzi_masasi: Picha naweka, sina haja ya mchango wa mtu.

fundi simu Ligula: Iwe chai iwe uji, hapa kuna hela za akina mama. Mkuu, mtu wa kukuingizia hela anahitaji namba ya akaunti basi. Namba tatu za nyuma na OTP ni za kutoa, ukimpa OTP umemsainia atoe, PIN utabadilisha hela zimeshaondoka. Geuza kadi, piga namba ya benki iliyoandikwa nyuma, usipige ya kwenye email. Waambie wafunge kadi sasa hivi.

Mzee wa Mikindani: Picha iko wapi?

mchuuzi_masasi: Nimepiga, kadi imefungwa. Salio lipo lote. Jumatatu naenda tawini na kitambulisho. Katibu ntamwambia baada ya kikao cha Jumapili, nisiwatie watu presha bure.

Mama Swaumu: Mwambie leo. Hela si zako.

mchuuzi_masasi: Sawa dada. Nampigia.