Konda akimwacha denti kituoni, ni ubaguzi au ni hesabu?

Mwl. wa Uraia: Habari za jioni. Nafundisha uraia kidato cha tatu hapa Dar. Leo tulikuwa na mada ya ubaguzi, nikaomba mifano. Karibu darasa zima likataja daladala: konda anaona sare, anagonga bodi, gari linaondoka. Ibara ya 13 ya Katiba inataja utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya siasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Nusu ya darasa wanasema uanafunzi ni hali ya maisha, kwa hiyo wanabaguliwa. Nusu wanasema ile ni biashara tu, mtu mzima analipa 600 na wao 200. Jumatatu wanataka jibu. Nyie mnasemaje?

MamaWawili: Biashara gani mwalimu? Mwanangu yuko darasa la nne, anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Juzi kaachwa na magari matano Buguruni, kafika shule saa tatu, na fimbo za uchelewaji kachapwa yeye. Haki yake ya elimu ndiyo inaishia mlangoni mwa Coaster? Lakini tutarajie nini, kazi yenyewe wamepewa watu walioishia la saba.

Deiwaka: Mama, hiyo ya la saba ungeiacha. Mimi nina cheti cha kidato cha nne, kiko kabatini kwa mama yangu. Nilizunguka na bahasha miaka miwili ndipo nikashika mlango. Sina mkataba, sina bima, nikiumwa leo kesho kuna mwingine mlangoni. Unamtetea mwanao asidharauliwe kwa sare yake, halafu unanidharau mimi kwa shule yangu.

Kigoda: Hapo kaka umesema. Mama aombe radhi kwanza ndipo tuendelee.

MamaWawili: Siombi radhi kwa mtu anayemsukuma mtoto wa miaka kumi.

Deiwaka: Sijawahi kumsukuma mtoto. Kuwaacha nimewaacha, sifichi. Sikiliza hesabu yangu. Alfajiri tunakabidhiwa gari, usiku bosi anataka hesabu yake kamili, haulizi tulibeba nani. Mafuta juu yetu. Kinachobaki tunagawana na dereva. Denti watatu ni sawa na mtu mzima mmoja. Nikibeba 30 napata 6,000, wakubwa 30 wananipa 18,000. Hiyo 12,000 nani ananirudishia? Bei ya mafuta inatangazwa upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, walipopandisha nauli Desemba 2023, mkubwa alitoka 500 kwenda 600. Denti alibaki 200.

Mchumi Chipukizi: Mwalimu, naomba hili lifike darasani. Gary Becker, aliyepata Nobeli ya uchumi 1992, alieleza kwamba mbaguzi ni mtu aliye tayari kupoteza pesa ili asichangamane na watu asiowapenda. Konda anafanya kinyume. Anawaacha wanafunzi ili asipoteze, na angewapakia wote kama kila mmoja angelipa 600. Hana chuki na sare. Serikali imeweka bei ya huruma, lakini ruzuku inatoka mfukoni mwa konda.

MamaWawili: Huyo Becker alishasimama Buguruni saa kumi na mbili asubuhi na mvua inanyesha? Mtoto aliyeachwa ameachwa. Kwamba aliyemwacha hakuwa na chuki, yeye itamsaidia nini?

Mvita Huru: Huku Mombasa mvua ikinyesha matatu hupandisha nauli kwa wote, mkubwa kwa mdogo. Lakini Katiba yetu ya 2010, ibara ya 27, imetaja na umri, tena inamkataza hata mtu binafsi kubagua. Yenu imeuacha umri. Hapo ndipo watoto wenu wanapokosa pa kushika.

Mzee wa Ilala: Msimfundishe mtu katiba ya jirani. Enzi za UDA, lile shirika la usafiri Dar es Salaam, mabasi yalikuwa ya umma, hasara ilikuwa ya umma. Haya ya watu binafsi yaliporuhusiwa mwaka 1983, nauli ilikuwa shilingi tano, ndiyo jina daladala.

Kigoda: Mzee, shikamoo, lakini dala ni dola ya Wamarekani. Shilingi tano imeingiaje?

Mzee wa Ilala: Marahaba. Ile sarafu ya tano ndiyo tuliiita dala! Makonda walikuwa wanaita "dala, dala" kutangaza nauli. Nilikuwepo, nimezipanda.

Kigoda: Nyumbani kwetu tumesikia vingine.

Sheria Mwaka wa Pili: Jamani, rudini. Kwenye ile ibara yetu ya 13, ibara ndogo ya 4 inamkataza kubagua mtu au mamlaka inayotumia madaraka chini ya sheria au kufanya kazi ya serikali. Je, konda mwenye gari la leseni ya LATRA yumo? Mimi naona swali la mwalimu liko hapo. Tena ibara ndogo ya 5 inairuhusu serikali kuchukua hatua za makusudi kurekebisha matatizo katika jamii. Kwa hiyo nauli ya 200 yenyewe si ubaguzi dhidi ya wakubwa.

Mzee wa Ilala: Na sarafu yenyewe ninayo bado, Kigoda. Nitaipiga picha.

Mwl. wa Uraia: Ahsante, Mwaka wa Pili. Naona nilikosea kuuliza konda ni mbaguzi au siye. Nitawauliza ile tofauti ya 400 ailipe nani: konda, bosi, abiria mkubwa au hazina.

Deiwaka: Bosi hajaguswa na hata mmoja wenu tangu jioni.

MamaWawili: Kaka, la saba nalifuta. Nilikuwa na hasira na bado ninayo. Unapita Buguruni?

Deiwaka: Kila siku, kuanzia saa kumi na moja. Akinikuta atapanda. Atasimama, lakini atapanda.

MamaWawili: Kwa nini asimame, na nauli kalipa?

Deiwaka: Mama, siti ni ya 600.